Mwache Achague
Walimu wa Kiingereza wa Thika na Ruiru, leo tuna neno moja: mwache mwanafunzi achague. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini Kenya mwaka 2019, unataka mtoto ajue kujifunza mwenyewe. Atajuaje, ikiwa kila sentensi anainakili kutoka ubaoni?

Mwalimu, fanya hivi. Kila mwanafunzi alete maneno matatu ya Kiingereza aliyoyachagua mwenyewe: kwenye bango la mtaa wa Makongeni, kwenye matatu, kwenye pakiti ya maziwa. Amweleze mwenzake maana. Akikosea, usikimbilie kalamu nyekundu. Mwambie, "Hebu jaribu tena." Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, hasa darasa likijaa, lakini hapo ndipo anapofikiri.

Narudia, mwalimu: mwache achague. Anza na maneno matatu, kesho asubuhi.