Jua Linapotua Saa Kumi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na familia zao katika sherehe ya Uhuru, Toronto

    

Nimepewa dakika kumi, na nimeombwa nisizungumze siasa. Basi nitazungumza hali ya hewa. Msicheke. Sisi tukikutana, salamu zikiisha, jambo la pili ni baridi. Tunalisema kila siku, lakini hatujalikalia kikao hata mara moja.

Kwanza tazameni kalenda yetu. Tanganyika ilipata Uhuru 9 Desemba 1961. Zanzibar, 10 Desemba 1963. Jirani zetu Wakenya, 12 Desemba mwaka huohuo. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964. Historia imetupangia sherehe zetu zote kubwa katika miezi ya giza la Toronto. Muungano peke yake, 26 Aprili, ndio umesogea mbele kidogo, theluji ikiwa inayeyuka. Wenzetu wa Kongo wana 30 Juni. Warundi na Wanyarwanda wana 1 Julai, siku moja na Sikukuu ya Kanada. Wao wanachoma nyama bustanini kwa fulana. Sisi tunatafuta ukumbi wenye hita nzuri na mahali pa kutundika makoti mia mbili.

Leo jua limechomoza hapa saa moja na nusu na ushei, likatua saa kumi na dakika arobaini. Kama saa tisa tu za mwanga, na leo mawingu yamekula nusu yake. Dar es Salaam leo wamepata saa kumi na mbili na nusu hivi. Sababu yake watoto mnaifahamu shuleni: Toronto iko karibu nyuzi 44 kaskazini mwa Ikweta, na Dar es Salaam haifiki nyuzi 7 kusini. Kule mchana na usiku wamegawana siku nusu kwa nusu, na wanakaribia kuheshimu mkataba huo mwaka mzima. Huku mchana unaonewa Desemba, halafu unalipiza kisasi mwezi Juni.

Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya mkataba ule. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Saa kumi na mbili jioni jua linazama, kuku wanapanda, na mtoto anayejua mambo yake ameshafika nyumbani. Sasa mwelezee saa hiyo mtoto aliyezaliwa Scarborough au Etobicoke. Desemba anatoka shule na giza linamfuata nyuma. Juni, saa mbili na nusu usiku, anaambiwa akalale na jua liko dirishani linamtazama. Bibi akipiga simu kutoka Tanga hajui kama ametukuta macho, maana miezi ya baridi tunapishana saa nane, miezi ya joto saa saba. Waislamu mnakumbuka Ramadhani ya Juni 2016: mfungo wa karibu saa kumi na saba. Mwili uliozoea mkataba wa Ikweta ukiletwa huku, lazima uulize maswali.

Na kila mmoja anauliza kwa namna yake. Yupo anayefanya kazi usiku ghalani, anatoka asubuhi, analala mchana, anaamka jua limeshatua. Anaweza kumaliza juma zima hajaliona. Yupo mama aliyejifungua Oktoba, mumewe yuko kazini, na theluji imemfungia ghorofa ya kumi na nne na mtoto mchanga. Yupo mzee aliyeletwa kulea wajukuu, ambaye kwao alikuwa na baraza na watu wa kumwamkia, na huku anaogopa hata kuteleza mlangoni. Yupo mwanafunzi aliyefika Septemba kwa furaha, na kufikia Januari hajibu simu.

Huyo wa mwisho tunamwitaje? Tunasema anaringa. Tunasema amekuwa mvivu, au Kanada imempanda kichwani. Wengine wanasema ametupiwa kitu. Ndugu zangu, madaktari wana maelezo ya karibu zaidi. Tangu mwaka 1984 wameandika juu ya sonona ya majira: mtu analala sana na bado amechoka, anatamani wanga na sukari, hataki watu, hana hamu ya lolote. Dalili zinaanza mwanga unapopungua na zinapoa masika ya huku yanapofika. Inawapata hata wazawa wa hapa, weupe waliokulia kwenye theluji. Kwa hiyo haina uhusiano na imani ndogo wala malezi mabaya. Inatibika: kutoka nje asubuhi hata kama kuna mawingu, mazoezi, mazungumzo na mtaalamu, dawa kwa wanaozihitaji, na taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000, ambayo mtu hukaa mbele yake nusu saa asubuhi baada ya kushauriana na daktari. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu Novemba 2023 nchi hii ina namba 988, ya kupiga au kutuma ujumbe saa yoyote, kwa mtu anayefikiria kujitoa uhai au anayemhofia mwenzake. Iandikeni kwenye jokofu, karibu na ratiba ya takataka.

Jambo jingine ni la mwili. Ngozi yetu nyeusi ni mwavuli mzuri kwa jua la kwetu. Lakini mwavuli huo hauvuliwi ukifika Kanada, na mwezi Desemba jua la hapa liko chini sana angani hata ngozi nyeupe haitengenezi vitamini D ya maana. Ndiyo sababu maziwa ya dukani huku huongezwa vitamini D kwa mujibu wa sheria, na mama anayenyonyesha hushauriwa kumpa mtoto matone ya yuniti 400 kila siku. Tusiseme, "Mbona mimi nililelewa bila matone?" Wewe ulilelewa juani, uchi, unacheza mchanga. Mtoto wako amevaa suti ya theluji hadi puani. Matege hayajali baba yake alikulia wapi.

Sasa joto. Hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Ukifika Julai tunasema, "Hili ndilo letu, acha wenyeji walalamike." Lakini joto la kwetu lina nyumba yake: dari ya juu, madirisha yanayotazamana, kivuli cha mwembe, kusi linavuma kutoka baharini, na mtu yeyote akizidiwa anatoka barazani na watu wanamwona. Joto la huku linakukuta ndani ya zege la ghorofa lililojengwa kuzuia baridi, dirisha linafunguka kiganja kimoja, na mlango umefungwa. Mwishoni mwa Juni 2021, joto kali lilikaa juu ya jimbo la British Columbia. Kijiji cha Lytton kilifika nyuzi 49.6. Watu 619 walikufa kwa joto lile ndani ya siku chache. Karibu wote walifia ndani ya nyumba, wengi wao walikuwa wazee, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao.

Nisikilizeni hapo. Joto lilikuwa moja kwa wote, lakini aliyekuwa na mtu wa kumgongea mlango alikuwa na nafasi zaidi ya kupona. Na giza la Januari ni hivyohivyo. Hatuwezi kuisogeza Toronto ikakaribia Ikweta, lakini upweke tunaweza kuupunguza wenyewe, hata bila ruzuku ya serikali.

Naomba sasa niseme na wazazi mbele ya watoto wao. Sisi tuliokuja wakubwa tuna haki ya kulalamikia baridi. Lakini tusikilize tunavyosema. Tunasema, "Nchi gani hii?" Tunasema, "Kwetu kuna jua, huku ni jela." Mtoto anasikia. Naye asubuhi ile ile ameamka, ameona theluji ya kwanza, amepiga kelele kwa furaha. Anajua kuteleza kwenye barafu uwanja wa Nathan Phillips Square bila kushika ukuta. Sasa achague: kuipenda theluji, au kuwa Mtanzania? Tusimpe mtihani huo. Hauna jibu sahihi, na siku akiufeli tutakuwa tumempoteza sisi.

Nanyi watoto, mkiambiwa theluji si yenu, jibuni kwa adabu hivi. Usiku wa Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliipeleka bendera mpya na mwenge wa Uhuru juu kabisa ya Kilimanjaro. Kilele kile leo kinaitwa Uhuru, mita 5,895, na kina barafu. Bendera yetu, usiku wake wa kwanza, ilisimama kwenye baridi kama hii mnayoijua. Na waulizeni wenyeji wa Kitulo na Makete habari za sakitu asubuhi ya Julai. Neno theluji lilikuwamo katika Kiswahili kabla yeyote wetu hajapanda ndege kuja huku. Kwa hiyo msione haya kuipenda. Ila mkirudi kutoka kuteleza, mwamkieni bibi aliyebaki ndani, mkae naye, mmwelezee mlichokiona nje. Kwa Kiswahili, hata kama kinachechemea.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Ninaomba chama kifanye jambo moja lenye misimu miwili. Kabla hatujatawanyika usiku huu, kila familia ichukue jina la familia nyingine, au la mtu anayeishi peke yake, isiyekuwa ndugu wala rafiki wa kawaida. Kuanzia kesho hadi Jumapili ya pili ya Machi, saa zinaposogezwa mbele, wapigiane simu mara moja kwa juma. Simu ya sauti, si picha ya maua kwenye kundi la WhatsApp. Asiyepokea mara mbili, agongewe mlango, na chungu cha pilau kiwe kisingizio. Nyumba ikikutwa baridi kwa sababu mwenye jengo hawashi hita, wapigiwe 311. Sheria ya mji huu inadai nyuzi 21 katika miezi ya baridi. Kisha Julai, majina yaleyale yatumike tena. Joto likitangazwa, mzee asiye na kiyoyozi achukuliwe mchana akakae maktaba au kwa mwenziwe mwenye ubaridi. Yatakuwa madaftari mawili tu, mwaka mzima, na hayahitaji bajeti.

Nimalizie na habari njema ya kweli. Wengi mnajua siku fupi kuliko zote hapa ni 21 Desemba au karibu yake. Lakini jioni inayoingia mapema kuliko zote haiji siku hiyo. Inakuja juma hili hili la Uhuru wetu. Kuanzia siku chache zijazo jua la jioni litaanza kuchelewa, dakika kwa dakika, ingawa asubuhi zitaendelea kuwa nzito hadi Januari. Kwa hiyo mkitoka hapa na kukuta giza, jueni kwamba jioni zetu hazitaingia mapema zaidi ya hapa mwaka huu. Zilizobaki tunaweza kuzivuka, mradi hakuna anayevuka peke yake.

Vikapu vya majina viko mlangoni, karibu na makoti. Asiyechukua jina asipewe koti lake.

Uhuru na Umoja.