Mtunguja: Kichaka cha Fedha Kinachotudai Gharama

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Sagana na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakulima wa nyanya na wafugaji, siku ya soko. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kuacha biashara zenu kwa muda huu. Najua kuna mtu hapa ameacha kreti zake za nyanya kwa jirani na roho yake haijatulia, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nianze kwa kukiri jambo. Mimi si daktari wa mimea. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuuliza maswali kisha kuwaletea majibu kwa lugha tunayoelewana. Swali la leo nililipata kwa mama yangu mzazi.

Msimu mmoja mama alipanda nyanya robo ekari. Tuta alipoingia, alinunua dawa akanyunyiza. Wiki mbili hazikuisha, majani yakawa na madoa meupe yale yale. Akanunua dawa nyingine, ghali zaidi. Mara ya tatu akanipigia simu, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba pesa zimeisha. Tulimwita afisa wa kilimo. Alipofika hakusimama kwenye nyanya hata kidogo. Alizipita akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua, akashika jani la kichaka kilichokuwa hapo tangu nikiwa mtoto, akaligeuza na kuuliza: "Mama, huyu mgeni mnamlisha tangu lini?"

Kichaka chenyewe kilikuwa mutongu. Kwa Kiswahili tunauita mtunguja, na wengine husema mtula. Matunda yake, ndongu, nyote mnayajua. Nilipokuwa mdogo tuliyatoboa kwa vijiti tukafanya magurudumu ya magari ya kuchezea. Ni kichaka kinachofika kiunoni au kifuani, kina miiba midogo, maua ya zambarau, na matunda ya mviringo ambayo huanza yakiwa ya kijani yenye michirizi, kisha hugeuka manjano yakiiva. Jambo la kwanza utakaloliona ni rangi ya majani. Ukiyatazama kwa mbali jua linapowaka, hasa upande wa chini, yanang'aa kama yamepakwa majivu au fedha.

Fedha hiyo ina kazi yake. Ni manyoya madogo sana, kila moja lina umbo la nyota, yaliyosongamana juu ya jani kama blanketi. Hurudisha sehemu ya mwanga wa jua na kupunguza maji yanayopotea. Ndiyo sababu mwezi wa pili, nyasi zikiwa zimekauka na mahindi yamesinyaa, mtunguja bado unasimama kama hakuna lililotokea. Jina la kisayansi ambalo mmea huu ulipewa kwa miaka mingi, Solanum incanum, lina maana ya mmea wenye mvi. Siku hizi wataalamu huuita ule unaoonekana sana hapa kwetu Solanum campylacanthum, na jina la kwanza hubaki kwa ndugu yake wa maeneo makavu zaidi.

Sasa sikilizeni hilo neno Solanum, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Ni jina la jenasi, yaani ukoo mmoja wa mimea, wenye aina zaidi ya 1,200 duniani. Katika ukoo huo wamo viazi, nyanya, bilinganya na managu. Kwa hivyo mtunguja ulio kwenye ua wako ni binamu wa nyanya zako. Na kama ilivyo katika jamaa, ugonjwa wa mmoja haukosi kubisha hodi kwa mwingine.

Tuta absoluta ni nondo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika Kusini. Alionekana Uhispania mwaka 2006, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameingia Kenya. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Kiwavi wake huingia ndani ya jani na kula nyama iliyo katikati ya ngozi mbili, ndiyo maana dawa nyingi hupita juu yake bila kumgusa. Anapenda nyanya kuliko kitu kingine, lakini nyanya zikikosekana hula viazi, bilinganya, managu na ndugu zao wa porini. Mkulima anapovuna na kuliacha shamba likiwa tupu, hufikiri Tuta amekufa njaa. Kumbe amehamia kwenye ua, anangoja mche mpya.

Kirinyaga ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa nyanya. Ukienda Kagio siku ya soko utaona ni familia ngapi zinazoishi kwa zao hili. Karo ya shule iko ndani ya kreti zile. Ndiyo maana naona si jambo dogo kuzungumza juu ya kichaka.

Wafugaji nao wana lao. Mtunguja una sumu ya jamii moja na ile iliyo kwenye kiazi kilichoachwa juani kikageuka kijani. Sumu hiyo iko kwa wingi zaidi katika tunda ambalo halijaiva. Ng'ombe huukwepa, lakini mbuzi na kondoo wenye njaa hawachagui. Mnyama aliyeula huhara, huzubaa na kuishiwa nguvu, na anaweza kufa. Mtoto mdogo naye huona tunda la manjano na kufikiri ni nyanya. Mtoto akila, msingoje kuona itakuwaje wala msimpe dawa ya kubahatisha. Mpelekeni hospitali mara moja, mkibeba tunda lenyewe ili daktari alione.

Mtaniuliza: mbona siku hizi mitunguja ni mingi kuliko zamani? Jibu zuri nililipata kaunti ya Laikipia, katika kituo cha utafiti cha Mpala. Wanasayansi huko walijenga nyua za aina mbalimbali. Moja ilizuia ndovu. Nyingine ilizuia ndovu na swala. Nyingine ikazuia hata digidigi. Eneo jingine liliachwa wazi kwa wanyama wote. Baada ya karibu miaka 5 walihesabu mitunguja. Palipokuwa na wanyama wote, ilikuwa michache zaidi. Kila aina moja ya mnyama ilipoondolewa, mitunguja iliongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Walibaini kwamba kila mnyama anaula mmea huu kwa namna yake, kwa hivyo mmoja hawezi kufanya kazi ya mwenzake. Waliona pia jambo la kushangaza: ndovu na swala wanaokula matunda hupanda mbegu kupitia kinyesi, nazo huota. Mlaji huyo huyo ndiye mpanzi.

Hapa Sagana hatutawaleta ndovu washughulikie nyua zetu. Walio karibu nasi wako Hifadhi ya Taifa ya Mwea na kule juu kwenye msitu wa Mlima Kenya, na wabaki huko huko. Lakini somo linatufaa. Tunapolisha ng'ombe sehemu moja mpaka udongo ukabaki mtupu, tumeondoa nyasi ambazo zingeshindana na mtunguja, na tumeuacha mtunguja wenyewe kwa sababu ng'ombe hautaki. Angalieni kando ya barabara kuu ya Kenol, Sagana hadi Marua, pale udongo ulipochimbuliwa. Nani aliyetangulia kuota? Kichaka hiki hupenda ardhi iliyojeruhiwa. Ukiuona unatapakaa malishoni, usiulaumu peke yake. Jiulize nyasi zilienda wapi.

Basi tufanye nini? Nimeuliza wataalamu, na haya ndiyo niliyoambiwa.

Kwanza, ng'oa, usifyeke. Mtunguja uliokatwa kwa panga huchipuka tena kutoka kwenye mizizi. Ngoja udongo ulowe kwa mvua, tumia jembe, toa mzizi wote. Vaa glavu au funga mikono kwa gunia, kwa sababu ya miiba.

Pili, fanya hivyo kabla matunda hayajaiva. Yakiwa yameshaiva, yakusanye uyafukie kwenye shimo refu. Usiyatupe mtoni, na usiyachanganye na samadi unayopeleka shambani.

Tatu, usiache pengo. Mahali ulipong'oa panda nyasi, iwe boma Rhodes au nepia kulingana na shamba lako. Pengo tupu ni mwaliko.

Nne, ukimaliza kuvuna nyanya, ng'oa mashina yote yaliyobaki. Yafukie, au yafunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Msimu unaofuata usipande viazi, bilinganya wala managu mahali pale. Panda mahindi, maharagwe au vitunguu, ambavyo si wa ukoo huu.

Tano, kando ya Mto Sagana tuwe waangalifu zaidi. Sheria inatutaka tuache ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka kingo za mto, na maji haya ndiyo yanayokwenda kuwa Tana. Usipulize dawa ya kuua magugu huko. Ng'oa kwa mkono, kidogo kidogo, na upande nyasi siku hiyo hiyo ili mvua isichukue udongo.

Kuna jambo la sita, na ndilo gumu. Nikiusafisha ua wangu na jirani akauacha wake, nimefanya kazi bure. Nondo hatambui mpaka wa shamba. Kaunti ina maafisa wa kilimo wa wadi, na mwiteni wenu awaonyeshe, lakini sitawadanganya: hakuna serikali yenye mikono ya kung'oa kila kichaka cha Ndia. Kazi hii inataka kijiji kikubaliane siku moja, kama tulivyokuwa tukichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko pamoja.

Na msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtunguja ni adui wa Mungu. Ni mmea wa hapa hapa Afrika, haukuletwa na meli. Wanasayansi wa Uhispania wameuchanganya mmoja wa ukoo huu wa kwetu na bilinganya, wakitafuta bilinganya itakayostahimili ukame. Ile fedha kwenye jani siku moja inaweza kuwa msaada kwa mkulima. Huku nyumbani, taasisi ya icipe jijini Nairobi imeleta kutoka Peru nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi wa Tuta na kuwaua. Dawa ikinyunyizwa ovyo, nyigu huyo hufa pamoja na wengine. Kwa hivyo hatusemi tuumalize mtunguja duniani. Tunasema utoke karibu na nyanya, karibu na mbuzi na karibu na watoto.

Nimalizie kwa mama. Alitumia siku mbili na majirani wawili kung'oa ua wote, akapanda nepia. Msimu uliofuata Tuta alirudi, sitawaambia hakurudi. Lakini alikuja kwa uchache, na mama alinyunyiza mara moja tu. Nilipomuuliza amejifunza nini, alisema: "Nilikuwa natafuta mwizi ndani ya nyumba, kumbe analala kwenye ua."

Leo mkifika nyumbani, kabla ya giza kuingia, zungukeni ua mara moja. Geuzeni majani yale ya fedha mtazame chini yake. Mkiona njia nyeupe ndani ya jani, mjue kazi ya wiki hii ni ipi.