Upepo Unapotokea



Hapa Njukini kila asubuhi tulilikuta tairi la nyuma la skuta yetu limeisha upepo. Tulitafuta mwiba wa mgunga, hatukuuona. Tukamshuku mtoto wa jirani, tukamkemea mbele ya mama yake.

Mwishowe tulipaka maji ya sabuni. Mapovu yakatokea penye shina la valvu. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Kumbe kujaza upepo kila siku hakukuponya kitu! Ilitubidi kutoa upepo wote, kubandua tairi kwenye rimu, kuikata valvu mbovu, na kuivuta mpya, iliyopakwa sabuni, mpaka ikakaa imara. Tukajaza, tukapaka sabuni tena. Hapakuwa na povu.

Ndugu, kazi hiyo ilikwisha upesi. Iliyokuwa ngumu ni kwenda kwa mtoto yule kumwomba radhi. Tulikwenda, akatusamehe.

Mwishoni mwa Zaburi ya 139, mwombaji anataka Mungu auchunguze moyo wake mwenyewe, si wa jirani. Nasi tuanzie hapo leo. Mungu awabariki. Amina.