Ndani ya Shimo Jeusi Mna Nafasi Kiasi Gani?

Mmoja wenu ameuliza swali hili: Ndani ya shimo jeusi mna nafasi kiasi gani?

Kwanza, chukueni chungu na uzi. Zungusheni uzi kwenye tumbo la chungu, kisha upimeni kwa rula. Gawanyeni urefu huo kwa 3 na sehemu kidogo, nanyi mtapata upana wa chungu. Hakuna haja ya kukipasua. Hesabu hii ni kweli kwa chungu, kwa kisima na kwa ghala.

Sasa, shimo jeusi halikuchimbwa na mtu. Ni mahali ambapo vitu vingi mno vimebanwa pamoja, hata nguvu ya uvutano imekuwa kubwa kiasi cha kuizuia nuru yenyewe isitoke. Lina mpaka, na kilichovuka mpaka huo hakirudi. Kama jua letu lingebanwa mpaka likawa shimo jeusi, mzunguko wa mpaka wake ungekuwa kilomita 18 na nusu tu. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu!

Katikati ya kundi letu kubwa la nyota, upande wa nyota za Kausi, liko shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4 hivi. Picha yake, yaani kivuli cheusi kilichozungukwa na mwanga, ilitolewa mwaka 2022. Mzunguko wa mpaka wake ni kama kilomita milioni 80. Basi mwanafunzi hodari atagawanya upesi na kusema, "Upana ni kilomita milioni 25!"

Hesabu yake ni sawa, lakini hiki si chungu. Humo ndani huwezi kuunyosha uzi kutoka upande huu, upite katikati, ufike upande wa pili. Kwa nini? Hapa sikilizeni kwa makini, maana mimi mwenyewe niliposoma habari hii nilirudia ukurasa mara tatu. Hesabu za Einstein, na zile alizozitoa Mjerumani Karl Schwarzschild mwaka 1916, zaonyesha kwamba ukisha kuvuka mpaka, katikati ya shimo si mahali tena. Ni wakati ujao. Iko mbele yako kama kesho ilivyo mbele yako, nawe huwezi kuikwepa kesho kwa kugeuka nyuma. Katika shimo lile la Kausi, aliyevuka mpaka hana zaidi ya dakika moja na sekunde chache, hata afanye nini.

Na nafasi je? Mwaka 2015 wataalamu wawili, Marios Christodoulou na Carlo Rovelli, walitafuta njia ya kuipima. Fikirini soksi inayovutwa daima: yazidi kuwa nyembamba, lakini yarefuka mno, na mdomo wake haubadiliki. Hivyo ndivyo walivyoona ndani ya shimo. Kwa kipimo chao, shimo la Kausi huongezeka nafasi ndani, kila sekunde, kushinda ukubwa wa majua 100, na kwa nje mpaka ni ule ule.

Kabla ya somo lijalo, jaribuni hesabu ya uzi kwa sufuria, ndoo na mtungi. Kisha mwulizane darasani: mtu aliye nje ya shimo jeusi anaweza kupima nini, na hawezi kupima nini?

Kwaherini.