Vikapu Kumi na Viwili: Haki ya Jirani Huanzia Jikoni

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Mlandege, Unguja



Tume ya Haki na Amani inapoitisha mkutano, watu hutazamia kusikia habari za uchaguzi, za ardhi au za mahakama. Mambo hayo ni ya lazima, nayo tutayarudia. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya chupa tupu, kanga kuukuu na chicha la nazi. Twadiriki kusema kwamba hata huko mna haki na mna dhuluma. Na ingefaa tuanze kwa kukiri dhuluma moja tuliyoitenda sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulifanya sherehe ya parokia. Wageni walikuwa wengi na mikono ya kazi michache, tukaona ni wepesi kununua bilauri na sahani za plastiki zisizohitaji kuoshwa. Watu walikula, wakanywa, wakaimba. Jioni tulifunga taka katika viroba, tukaviweka kando ya mtaro, tukaenda kulala na furaha yetu. Usiku ikanyesha mvua ya masika. Viroba vilipasuka, mtaro ukaziba, na maji yakaingia katika ua wa mama mmoja mzee, Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi. Asubuhi tulimkuta ameinama na ufagio wake wa chelewa, akiokota bilauri moja moja. Tulimwamkia, akaitika kama kawaida yake, kisha akauliza: "Padri, hizi za kwenu?" Tukajibu kuwa ni zetu. Tukashika ufagio naye mpaka jua likawa kali. Taka ziliondoka, lakini aibu ilibaki.

Taka hazipotei, huhama

Neno "kutupa" hutudanganya. Tunapotupa kitu tunadhani kimekwisha, kumbe kimehama tu. Hapa Unguja taka za jikoni huhamia jaani, na za jaani huchukuliwa kwa gari hadi Kibele, katika Mkoa wa Kusini, ambako nako kuna watu. Zile zisizochukuliwa huingia mtaroni, na mtaro huzipeleka baharini, mahali ambapo mvuvi anatafuta riziki yake.

Wazee wetu wa Mlandege wanakumbuka, au walisimuliwa, kwamba mji huu uligawanywa na mkono wa bahari: upande mmoja Mji Mkongwe, upande wa pili Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa, na leo tunapita juu yake kwa barabara tuliyoizoea kwa jina la Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Bahari imeondolewa, lakini maji ya mvua bado yanatafuta njia ya kuiendea. Yakiuta mtaro umejaa chupa, yataingia nyumbani mwa mtu, na mara nyingi ni mwa yule aliye chini zaidi. Tusisahau kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016, kilivyotembea Unguja na Pemba. Maradhi yale hupita katika maji machafu; hayaulizi ni nani aliyeuchafua mtaro.

Serikali imefanya sehemu yake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo, sheria huweza kuuzuia mfuko bandarini na dukani. Haiwezi kuingia jikoni na kuamua kipi kitumike tena. Uamuzi huo ni wetu.

Mafundisho ya Kanisa

Mtakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowalisha watu elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Baada ya muujiza mkubwa namna ile, angeweza kuyaacha mabaki nyikani. Lakini aliwatuma wanafunzi wake wapite katikati ya watu na kuyaokota, wakajaza vikapu 12. Aliyeweza kuumba mkate kwa neno hakuona kipande cha mkate kuwa kitu cha kudharauliwa.

Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 1990, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba amani ya dunia inatishwa pia na kukosa heshima kwa viumbe. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alionya juu ya utamaduni wa kutupa, ambao huanza kwa kutupa vitu na kuishia kwa kuwatupa watu. Humo humo alivitaja vitendo vidogo vya nyumbani, kama kukitumia tena kitu badala ya kukitupa upesi, kuwa vinaweza kuwa vitendo vya upendo.

Jirani zetu Waislamu wanalo neno ambalo limekuwa la Waswahili wote: israfu. Wao hufundishwa kujihadhari na israfu hata katika maji ya kutawadha. Hapa, basi, tuna neno moja la kuzungumza nao.

Walivyoishi wazee

Itazameni nazi. Tui liliingia chunguni. Chicha likawaendea kuku. Kifuu kikawa upawa au kikawasha moto. Makumbi yakafukiwa pwani mpaka yakalainika, yakapondwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Makuti yakaezekea nyumba, na chelewa zikafanywa ufagio. Itazameni na kanga. Ikiwa mpya ilikwenda harusini. Ikizeeka iliingia jikoni. Ikichakaa ikawa winda la mtoto, na mwisho ikawa tambara. Wazee hawakuhudhuria semina za mazingira. Walikuwa na haya ya kupoteza.

Lakini mama mmoja alituambia hivi karibuni: "Padri, hayo ni mambo ya shamba. Mimi naamka saa kumi alfajiri, watoto wanne wanakwenda skuli, nami nakwenda dukani hadi magharibi. Nitafukia makumbi saa ngapi?" Swali lake ni la haki, na kwa ajili yake tumejiwekea kanuni: jambo lolote litakalomwongezea mama saa nzima ya kazi hatutalipendekeza.

Mambo matano kwa nyumba yenye shughuli nyingi

Kwanza, kikapu mlangoni. Kitundikwe mahali ambapo kila atokaye atakiona, na ndani yake mwekwe chombo chenye kifuniko kwa ajili ya samaki. Aendaye Darajani atoke nacho. Kikitundikwa uvunguni hakitakumbukwa.

Pili, maji yafanye kazi mara mbili. Maji yaliyooshea mchele na mboga yamwagilie mimea. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yawekwe ndooni kwa ajili ya choo na sakafu. Hii haiongezi kazi. Inampunguzia ndoo yule anayeteka.

Tatu, chakula kipimwe. Mchele upimwe kwa kopo lile lile kila siku, tujue nyumba yetu inakula kiasi gani. Kiporo kifunikwe vizuri, na kabla ya kuliwa kipashwe hadi kitoe mvuke. Kilichochacha asipewe mtoto, wala asipewe mwombaji, kwa maana maskini si jaa. Maganda ya mboga na ya ndizi yapelekwe kwa jirani mwenye mbuzi, au yafukiwe udongoni yawe mbolea.

Nne, nguo zihame zikiwa nzima. Kila Jumuiya iwe na sanduku la sare za skuli. Mtoto akirefuka, sare yake ifuliwe, itiwe vifungo, iingizwe sandukuni kabla ya muhula kuanza. Tusitoe kile ambacho tungeona haya kumvalisha mwanetu.

Tano, chupa na makopo. Chupa za kioo zenye vifuniko zihifadhi bizari na chumvi. Makopo yatobolewe chini, yatiwe udongo, yapandwe mchicha au rehani. Hata wakaao katika maghorofa ya Michenzani wanaweza kuyaweka barazani. Chupa za plastiki zisizo na kazi zikusanywe zikiwa safi katika kiroba kimoja na kukabidhiwa waokotaji mkononi, ili wasilazimike kuingiza mikono katika uchafu wetu. Tena tuwaulize majina yao. Kila asubuhi wanaokota vipande vyetu, nasi huwapita bila salamu.

Tahadhari

Kutumia kitu tena kusiwe sababu ya msiba. Dumu lililokuwa na rangi, mafuta ya gari au dawa ya wadudu lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara saba. Mafuta ya taa na dawa ya kufulia visiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto huijua chupa kabla ya kujua kusoma. Makopo na matairi ya nje yasituamishe maji, yasije yakazaa mbu wa homa ya dengue. Wala tusiwashie mkaa kwa plastiki. Moshi wake ni sumu, na kifuu huwaka vizuri zaidi.

Nani atafanya?

Hapa, wapendwa, ndipo penye uzito wa mada yetu. Ikiwa mambo haya matano yote yatamwangukia mama, au binti wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, tutakuwa tumeuhurumia mtaro na kumdhulumu mtu. Yatupasa tugawane. Kijana wa kiume abebe ndoo na kuosha vyombo. Mtoto mdogo akusanye chupa. Baba apeleke kiroba, naye asione kuwa heshima yake imepungua njiani. Hatuwezi kuhubiri haki kikaoni huku nyumbani kazi ya kila kipande ina mwenyewe mmoja.

Kadhalika, tusikubali mzigo wote ubebwe na nyumba maskini. Viwanda vinavyojaza chupa, hoteli zinazohudumia wageni na mamlaka zinazokusanya ada za usafi zina sehemu kubwa ya wajibu huu. Mahali ambapo gari la taka halifiki, tumwendee Sheha pamoja na jirani zetu wote, bila kujali dini, tukaulize kwa adabu na kwa maandishi. Mwenye mlango safi hubisha hodi kwa ujasiri.

Kwa upande wetu, parokia ilinunua sahani na bilauri za chuma, nazo huazimwa na Jumuiya kwa harusi na kwa misiba. Zamu ya kuosha ni ya wanaume. Katika sherehe iliyofuata tulikwenda kumwalika yule mama jirani. Alikuja. Kwanza akapita kutazama mtaro. Kisha akaingia, akaketi, akala pamoja nasi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Taka za nyumba yangu huishia wapi? Nani hukaa karibu na mahali hapo?

2. Katika mambo matano yaliyotajwa, ni lipi linaweza kuanza wiki hii, na ni nani nyumbani atakayelifanya?

3. Ni kazi gani ya nyumbani inayombebesha mtu mmoja peke yake, nayo ingeweza kugawanywa?

4. Je, tumewahi kukaa na jirani zetu Waislamu kuzungumza juu ya mtaro wetu? Nani atawaendea, na lini?

Mungu, aliyeviona vyote alivyoviumba kuwa vyema, azibariki nyumba zenu na mikono yenu. Amina.