Mgonjwa wa Malale Aulizwe Alikoumwa

Novemba 1857 wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, kwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, na Speke akatafuta mahali pa mji ule duniani kwa kupima nyota. Siku hizi simu hutoa majiranukta hayo papo hapo: nyuzi 5 na ushei kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 33 mashariki mwa Greenwich. Tabibu naye anayahitaji, hasa kwa malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), lilianzisha atlasi inayowaonyesha wagonjwa wa malale kijiji kwa kijiji. Ni kazi ya thamani kubwa. Hata hivyo, kijiji anakoishi mgonjwa mara nyingi siko alikoupatia ugonjwa.

Mchukue mrina asali wa Sikonge au Urambo. Hupiga kambi wiki kadhaa kwenye miombo, mizinga ya magome ikining'inia juu, na mbung'o humuuma mchana kweupe, katika pori lile lile wanamoishi wanyama wabebao vimelea. Homa huanza baada ya wiki moja hadi tatu, pengine akiwa amekwisha rudi kwake. Zahanati ikiandika kijiji peke yake, mitego ya mbung'o itategwa karibu na nyumba yake, na wenzake kambini wataendelea kuumwa. Malale ya upande wetu huu wa Afrika, yasipotibiwa, huua ndani ya miezi. Fomu basi ibebe nukta mbili: anakoishi na alikoumwa.

Watu watasema mgonjwa hawezi kujua aliumwa wapi, na porini hakuna mtandao. Mbung'o hamjui, lakini kambi anaijua kwa jina na kwa mto wake, na simu husoma setilaiti hata pasipo mtandao. Mwenzake anaweza kwenda kuipima. Hoja ya usiri ni nzito zaidi. Desimali nne za majiranukta hufika hadi mlangoni pa mtu, kama mita 11 hivi. Ramani ya hadharani iishie desimali mbili, yaani kama kilomita moja. Tena kambi nyingine zimo ndani ya hifadhi, na mrina asiye na kibali ataficha mahali pake kwa kuwaogopa askari. Hofu hiyo ina msingi. Nukta iliyotolewa kwa ajili ya tiba isigeuzwe ushahidi wa kumkamata: tabibu amweleze hivyo kabla ya kumuuliza, na halmashauri iiweke ahadi hiyo kwa maandishi.