Nembo Isiyo na Kalamu



Hakuna miongoni mwetu asiyeiona Nembo ya Taifa letu la Tanzania kila siku ya kazi. Imo katika barua za Serikali na imetundikwa ukutani maofisini. Wananchi wameizoea hata wakaiita Bibi na Bwana. Lakini mazoea humfanya mtu atazame asione. Kwa hiyo nawaomba tuisome upya.

Katikati imesimama ngao. Sehemu yake ya juu ni ya rangi ya dhahabu, nayo ina mwenge unaowaka, alama ya uhuru na elimu. Chini yake iko bendera. Kisha, katika sehemu nyekundu iliyo mfano wa udongo wenye rutuba, umo mkuki wa kuulinda uhuru, pamoja na jembe na shoka vilivyopishana. Mawimbi ya chini yanatukumbusha bahari na maziwa. Ngao hiyo imekaa juu ya mlima Kilimanjaro, kati ya pembe mbili za ndovu zilizoshikwa na mwanamume na mwanamke. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, miguuni pa mwanamke pana mpamba, ishara ya ushirikiano. Utepe wa chini unasema: Uhuru na Umoja.

Sasa, ndugu zangu, tazameni kisichokuwamo. Hamna kalamu, hamna meza, wala hamna muhuri. Vyombo vya kazi vilivyopewa heshima ya kuliwakilisha Taifa ni jembe na shoka. Hata hivyo, watu wa kalamu ndio tunaoitumia nembo hii kuliko mkulima. Yafaa tukumbuke kwamba mamlaka ya karatasi zetu yametokana na jasho la wale waliochorwa humo.

Mkulima wa pamba aliyeacha palizi akaja ofisini kufuata barua moja, kisha akaambiwa arudi kesho pasipo sababu, amefukuzwa chini ya picha yake mwenyewe. Mwalimu naye anayemwadhibu mtoto kwa kumpa jembe akalime, anamfundisha kwamba jembe ni aibu, ilhali Taifa limeliweka katika ngao yake.

Basi, kila tutiapo sahihi katika karatasi yenye nembo hiyo, hatuna budi kujiuliza: je, Bibi na Bwana hawa wangeikubali kazi hii?